Kikohozi cha Dakika ya Arobaini na Moja

Kanda imekwaruzika, rangi zimepauka
kama kanga iliyosahauliwa kambani mwaka mzima,
lakini sauti ni nzima.
Tumekaa kwenye zulia, Portsmouth, mvua ya Januari
inagonga dirisha kama mtu aliyepoteza ufunguo.
Mama ameishika rimoti kwa mikono miwili,
kuku asimponyoke.

"Bado," anasema. "Bado."

Jukwaani madobi thelathini wanapiga mashuka sakafuni,
paa, paa, kimya, paa,
na Maureen Tapsell anachomoza katikati yao.
Viatu vyake tunavijua: cha kushoto kamba imefungwa mara mbili.
Yule wa tatu kulia tunajua atachelewa nusu ya pigo.
Tunayajua haya kama ngazi za nyumbani gizani.

Baba alifagia ukumbi ule miaka kumi na tisa.
Aliokota tiketi, pini za nywele,
bazoka zilizogandishwa chini ya viti,
na siku moja jino la dhahabu. Akalirudisha.
Onyesho lenyewe hakuwahi kuliona.
Aliingia watu wakishatoka,
akawasha taa moja, ile ya kumwonyesha uchafu.

Usiku walipokuja watu wa kamera
meneja akampa kiti, nyuma ya nguzo,
kwa sababu viti vitupu vingeonekana.
Baba akavaa koti la Idi.
Kifua chake nacho akaenda nacho;
hicho hakivuliwi mlangoni.

Sasa. Muziki unakatika.
Maureen yu juu ya ncha ya mguu mmoja, shuka hewani,
watu mia nane wamebana pumzi,
na kutoka gizani, kushoto:

kho. Kho-kho.

Ndicho.
Ndiye Shaame Faki wa Wete, baba yangu,
asiyeacha barua hata moja,
aliyechukia simu akisema inakula maneno.
Kaacha sekunde mbili.
Waliokata filamu wangeweza kuzifuta.
Walipitiwa, au kuna mtu aliona huruma, sijui.

Mtazame Maureen, lakini. Mtazame kope.
Amesikia. Mdomo unataka kucheka, anaukataza,
na mguu hautikisiki.
Mwanamke ambaye hatukuwahi kupeana naye hata salamu
amemjibu baba, na bado anamjibu.

"Mapenzi ni kikohozi," Mama anasema, "hayafichiki,"
na anairudisha kanda nyuma.
Zamani tulimcheka kwa msemo huo.

Salha wangu, miaka minane, babu yake hakumkuta.
Ngoma yote kaijifunza kwenye zulia hilihili,
taulo ndiyo shuka,
hatua kwa hatua, mpaka ule uchelewaji wa yule wa tatu.
Na akifika pale, mguu juu, taulo juu,
anakohoa.
Kho. Kho-kho.
Hakuna aliyemwambia kwamba hicho si sehemu ya ngoma.

Machi, shuleni, mwalimu akanivuta kando:
anacheza vizuri sana, lakini je, ana pumu?
Nikasema mzima.
Nikasema ngoma ndivyo ilivyo.
Akaandika kitu daftarini.

Jumamosi ukumbi ulinuka viazi na dawa ya sakafu.
Wazazi walijaa, kila mmoja simu juu,
hakuna aliyetazama kwa macho yake.
Mwanangu akasimama kwa mguu mmoja,
mwembamba, mkaidi,
akakohoa kikohozi cha mzee wa miaka hamsini na sita.
Wachache walicheka. Mama hakucheka.
Alikuwa amefunga macho, akihesabu.

Basi sasa, mahali fulani Portsmouth,
kwenye simu ya baba wa mtoto mwingine,
baina ya picha za mbwa na risiti ya matairi,
mfagiaji wa Wete anakohoa.
Na huenda mwenye simu, akitafuta nafasi,
kesho akamfuta.
Huenda akapitiwa.